Kupima Ardhi Iliyodhaniwa Tupu: Tathmini ya Uwanda wa Uasin Gishu kwa Makazi ya Kujitosheleza, 1903–1924

IKISIRI

Insha hii inachunguza namna uwanda wa Uasin Gishu, magharibi mwa Kenya, ulivyotathminiwa mwanzoni mwa karne ya 20 kuhusu uwezo wake wa kupokea wageni waliokusudia kuishi kwa mazao ya ardhi yao wenyewe. Matukio mawili yanalinganishwa: uchunguzi wa tume ya Wazayoni ya mwaka 1905, ambao ulifuatiwa na kukataliwa kwa ardhi hiyo, na ujio wa Makaburu mwaka 1908, ambao waliikubali na kubaki. Insha inajenga hoja kwamba hitilafu kati ya hukumu hizo mbili haielezwi na udongo wala mvua peke yake. Kila mpimaji alikuwa na swali lake, na wote walipuuza swali moja la msingi: uwanda huo ulikuwa sehemu ya maisha ya nani kabla ya kupimwa?

1.0 Utangulizi

Kaunti ya Uasin Gishu huhesabiwa leo miongoni mwa maghala ya chakula ya Kenya. Mahindi na ngano hulimwa katika eneo kubwa, ng'ombe wa maziwa hufugwa karibu kila mahali, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi zaidi ya 1,160,000. Msomaji anayeifahamu kaunti hiyo kwa hali yake ya sasa hana budi kushangaa anapoelezwa kwamba mwaka 1905 wataalamu waliotumwa kuichunguza walirudi Ulaya na taarifa iliyowakatisha tamaa waliowatuma, na kwamba mkutano mkuu wa kimataifa uliikataa ardhi hiyo mwaka huohuo.

Ni rahisi kusema kwamba wataalamu hao walikosea. Maelezo hayo, hata hivyo, hayatoshi. Tathmini ya ardhi kwa ajili ya makazi haiwi kipimo cha udongo tu. Ndani yake mna dhana kuhusu nani atalima, kwa zana gani, atauza wapi kinachozidi, atasaidiwa na nani mvua ikichelewa, na nani ataondolewa ili yeye apate nafasi. Dhana hizo aghalabu hazitamkwi katika ripoti, lakini ndizo zinazoamua hukumu. Insha hii inazifuata dhana hizo katika kisa kimoja, tangu ahadi ya serikali ya Uingereza mwaka 1903 hadi reli ilipofika Eldoret mwaka 1924.

2.0 Uwanda Kabla ya Kupimwa

Uwanda wa Uasin Gishu umeinuka takribani mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki unakatika ghafla kwenye ukingo wa Elgeyo, ambako ardhi inateremka kwa kasi hadi bonde la Kerio. Upande wa kusini-magharibi unapakana na vilima vya Nandi. Usiku ni wa baridi, majani ni mengi, na mvua huja kwa msimu mmoja mrefu unaoanza yapata Machi au Aprili na kuendelea hadi Septemba. Miezi ya Desemba, Januari na Februari ni ya kiangazi. Majani hukauka na vijito vingi hupungua maji.

Jina la uwanda linatokana na kundi la Wamaasai waliochunga humo hadi nusu ya pili ya karne ya 19. Kabla yao, simulizi za wenyeji huwataja Wasirikwa, na mashimo mengi yaliyochimbwa ubavuni mwa vilima huhusishwa na jina hilo. Utafiti wa akiolojia umeonyesha kwamba mashimo hayo yalikuwa mazizi ya ng'ombe yaliyojengwa kwa ulinzi, na nyumba zikiwa kando yake. Kwa hiyo uwanda ulikuwa na historia ndefu ya ufugaji. Vita vya Wamaasai kwa Wamaasai katika karne ya 19 viliwatawanya Wauasin Gishu, na sotoka ya miaka ya 1890 ikaangamiza mifugo ya jamii nyingi za Afrika Mashariki. Wazungu walipoanza kuupita uwanda huo mwishoni mwa karne, waliona majani mengi na watu wachache.

Uchache huo wa watu haukuwa na maana ya kutokuwa na wenyewe. Wanandi, ambao nguvu yao ilikuwa imeongezeka baada ya kuanguka kwa majirani zao Wamaasai, walizidi kupeleka mifugo kaskazini. Wakeiyo waliishi hasa kwenye vipando vya ukingo wa Elgeyo. Huko walilima wimbi na mtama kwenye miteremko, walilisha mbuzi na kuwinda bondeni, na kuwapandisha ng'ombe juu penye malisho. Kila ngazi ya ardhi ilikuwa na kazi yake. Bondeni mlikuwa na joto, ukame na maradhi. Ukingoni palikuwa na maji, mashamba na usalama. Uwandani palikuwa na majani. Kaya haikuweza kujitosheleza kwa ngazi moja tu. Ilijitosheleza kwa kuzitumia zote kwa zamu. Mtu aliyesimama uwandani Januari na kuona malisho yasiyo na nyumba alikuwa akitazama chumba kimoja cha nyumba kubwa, na hakujua kwamba wenye nyumba walikuwa chumba cha pili.

3.0 Ahadi ya Mwaka 1903

Reli ya Uganda ilifika ukingoni mwa Ziwa Viktoria Desemba 1901. Serikali ya Uingereza, iliyokuwa imetumia mamilioni ya pauni, ilitaka abiria na mizigo. Mwaka 1902 mpaka ulibadilishwa, na lililokuwa Jimbo la Mashariki la Uganda, pamoja na uwanda wa Uasin Gishu, likahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki. Ndiyo maana mpango unaojadiliwa hapa bado huitwa kwa makosa "mpango wa Uganda" ingawa ardhi yenyewe iko Kenya. Mwaka huohuo wa 1902 ilitungwa sheria ya ardhi iliyomruhusu kamishna kuuza au kukodisha ardhi ya Mfalme kwa walowezi. Chini ya sheria hiyo, ulinzi wa Mwafrika ulitegemea ukaaji halisi wa mahali. Malisho ya msimu, yanayoachwa na kurudiwa, hayakuwa na mtetezi katika maneno ya sheria.

Wakati huohuo hali ya Wayahudi wa Milki ya Urusi ilizidi kuwa mbaya. Mauaji ya Kishinev ya Aprili 1903 yaliushtua ulimwengu. Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni aliyekuwa ameitembelea Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 1902, alimweleza Theodor Herzl, kiongozi wa harakati ya Wazayoni, kwamba nchi aliyoiona kando ya reli ingewafaa Wayahudi. Tarehe 14 Agosti 1903 Ofisi ya Mambo ya Nje iliandika barua rasmi. Serikali ingesaidia tume ya uchunguzi. Na kama ardhi tupu na ya kufaa ingepatikana, ingekubali kuwapo koloni lenye utawala wake wa ndani, likiongozwa na ofisa wa Kiyahudi chini ya mamlaka ya jumla ya Uingereza.

Herzl aliiwasilisha barua hiyo mbele ya Mkutano Mkuu wa Sita wa Wazayoni mjini Basel mwezi huohuo. Wajumbe walio wengi walikubali tume itumwe, lakini zaidi ya 170 walipinga, wakiwamo wengi kutoka Urusi, yaani kutoka miongoni mwa watu waliokusudiwa kuokolewa. Kwao, nchi nyingine yoyote isiyokuwa Palestina haikuwa jibu. Kwa hiyo, hata kabla udongo haujachimbwa, ilikuwapo hukumu iliyosubiri ushahidi.

Katika Himaya nako palikuwa na upinzani. Kamishna Sir Charles Eliot hakuupenda mpango huo, ingawa uwanda wa Uasin Gishu, eneo la takribani maili za mraba 5,000, ndio uliotengwa. Walowezi wa Kizungu wa Nairobi, Lord Delamere akiwa mstari wa mbele, waliunda kamati ya kupinga uhamiaji huo. Walidai kwamba ardhi bora isitolewe bure kwa wageni maskini. Sauti pekee isiyosikika katika barua, mikutano na magazeti yote hayo ni ya Wanandi na Wakeiyo.

4.0 Tume ya Mwaka 1905

Herzl alifariki Julai 1904, lakini tume iliendelea. Wajumbe wake walikuwa watatu: Meja Alfred St. Hill Gibbons, Mwingereza aliyejulikana kwa safari zake za mto Zambezi. Alfred Kaiser, Mswisi mwenye uzoefu wa safari za utafiti. Na Nahum Wilbusch, mhandisi Myahudi kutoka Milki ya Urusi. Walifika Mombasa Januari 1905, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakaelekea uwandani wakiwa na wapagazi. Baada ya majuma machache walirejea, na ripoti yao ikachapishwa London mwaka huohuo.

Wajumbe hawakukubaliana. Gibbons aliuona uwanda kuwa na hewa nzuri na malisho mazuri, na aliamini kwamba jaribio la makazi ya kiasi, likiendeshwa kwa uangalifu, lingewezekana. Kaiser aliona kuwa eneo hilo halikufaa kupokea watu wengi. Wilbusch alilikataa kabisa. Hoja za wapingaji zilihusu uchache wa maji na mbao katika sehemu nyingi, umbali kutoka relini, ukosefu wa soko, na ugumu wa mlowezi asiye na mtaji kujipatia riziki.

Mambo matatu yanastahili kuzingatiwa katika kuisoma tathmini hiyo. La kwanza ni majira. Tume ilipita uwandani katika kiangazi. Mtu anayeiona Uasin Gishu Februari na kuihukumu kwa vijito vyake ni sawa na anayehesabu akiba ya ghala siku moja kabla ya mavuno. Mvua za mwaka mzima, ambazo ndizo zinazolisha mahindi na ngano ya leo, hazikuweza kuonekana na mgeni wa majuma machache.

La pili ni aina ya mlowezi aliyefikiriwa. Wapimaji walimfikiria mkimbizi kutoka miji ya Urusi, fundi au mchuuzi, asiye na ng'ombe, asiye na plau na asiyewahi kulima. Kwa mtu huyo, maili nyingi za majani bila barabara wala soko zilikuwa kifungo. Katika swali hili hukumu ya Wilbusch haikuwa ya kipuuzi. Pamoja na mwelekeo wake wa kuipendelea Palestina, alitambua jambo ambalo Gibbons alilipa uzito mdogo: ardhi nzuri haimlishi mtu katika mwaka wa kwanza. Kati ya kufika na kuvuna kuna miezi ambayo lazima mtu alishwe na mwingine.

La tatu ndilo zito zaidi. Tume iliulizwa kama ardhi ilikuwa tupu, na wakati huohuo ilitembea kando ya nchi iliyokuwa vitani. Wanandi walikuwa wamepambana na Waingereza mara kadhaa tangu mwaka 1895. Tarehe 19 Oktoba 1905, miezi michache tu baada ya ripoti kuchapishwa, kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa na Kapteni Richard Meinertzhagen katika kikao kilichoitwa cha amani. Msafara mkubwa wa kijeshi ulifuata. Ng'ombe walitekwa, nyumba zikachomwa, na Wanandi wakasukumwa ndani ya mipaka ya hifadhi. Kwa hiyo "utupu" wa uwanda haukuwa hali ya asili iliyogunduliwa na wapimaji. Ulikuwa zao la vita vya karne ya 19 na sotoka, na mwaka huo wa 1905 ulikuwa ukikamilishwa kwa bunduki.

Mkutano Mkuu wa Saba, uliokutana Basel Julai na Agosti 1905, uliikataa Uasin Gishu. Israel Zangwill na wenzake waliotaka ardhi popote ilipopatikana walijitenga na kuunda jumuiya yao. Wajumbe walishindana kuhusu Palestina, lakini athari ya uamuzi wao ilionekana uwandani: ardhi ilibaki mikononi mwa serikali, ikisubiri mwombaji mwingine.

5.0 Makaburu, 1908: Waliopima kwa Plau

Mwombaji huyo hakukawia. Familia chache za Makaburu zilikuwa zimeshatangulia, na mwaka 1908 msafara mkubwa wa watu wapatao 250, ukiongozwa na Jansen van Rensburg, uliwasili Mombasa kwa meli kutoka kusini. Walipanda treni hadi Nakuru pamoja na mifugo na magari yao ya kukokotwa na maksai, kisha wakapanda milima kupitia misitu na matope hadi wakafika karibu na mwamba wa Sergoit, Oktoba mwaka huo.

Hawa hawakuwa watu wa kuandika ripoti. Walikuwa wamekimbia nchi iliyoharibiwa na vita vya mwaka 1899 hadi 1902, na walibeba ujuzi uliolingana na kile ambacho tume ilikiona kuwa upungufu. Umbali kutoka relini ulikuwa tatizo kwa mchuuzi. Kwa mwenye gari na maksai kumi na sita ulikuwa kazi ya kumpatia fedha, kwani Makaburu wengi waliishi miaka ya mwanzo kwa kubeba mizigo ya wengine kutoka stesheni ya Londiani. Ukosefu wa soko la nyama haukumtisha aliyejua kuwinda na kukausha nyama. Ukosefu wa mbao ulivumilika kwa aliyejua kujenga kwa udongo na nyasi.

Hata hivyo picha ya mlowezi anayejitegemea kwa jasho lake peke yake haina budi kupunguzwa rangi. Ngano ilishambuliwa na kutu, na ikahitaji miaka ya utafiti wa mbegu, ambao sehemu yake iligharimiwa na Delamere huko Njoro. Ng'ombe walikufa kwa ndigana kali. Barabara ya Londiani ilikuwa mateso wakati wa mvua, na gharama ya usafiri ilimeza faida ya mahindi. Mji wenyewe ulianzia kwenye kiwanja nambari 64, mahali ambapo posta ilifunguliwa mwaka 1910. Wenyeji wakautamka "Sisibo", jina ambalo wazee hawajalisahau hadi leo. Mwaka 1912 ukaitwa Eldoret. Reli ilifika huko mwaka 1924, na tangu hapo ndipo nafaka ya uwanda ilipopata njia ya uhakika ya kwenda sokoni. Yaani hoja ya Wilbusch kuhusu soko na usafiri ilithibitishwa na waliobaki: uwanda uligeuka ghala baada ya dola kuugharimia.

6.0 Nani Aliyejitosheleza?

Pamoja na reli, kulikuwa na msaada mwingine usiotajwa sana, nao ni nguvu ya wenyeji. Wanandi na Wakeiyo waliopoteza malisho walirudi uwandani kwa mlango wa nyuma, wakiwa maskwota. Walipewa ruhusa ya kuchunga na kulima sehemu ndogo ya shamba, na badala yake walimfanyia kazi mwenye hati. Sheria ya mwaka 1918 ilimlazimisha skwota kufanya kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kodi ya nyumba iliwasukuma wengine kutafuta ujira. Ng'ombe waliokuwa wakipanda kutoka ukingoni kwa haki ya mazoea sasa walipanda kwa idhini, na idhini hiyo ililipiwa kwa siku za kazi.

Hapa ndipo neno "kujitosheleza" linapopata maana mbili zinazogongana. Kwa mlowezi lilimaanisha shamba lenye mipaka, hati ya muda mrefu na familia moja inayotawala kila kilichomo. Kwa Mkeiyo lilimaanisha njia ya kupanda na kushuka baina ya ngazi za ardhi, bila ngazi moja kufungwa. Tathmini za kikoloni zilijua kupima maana ya kwanza tu. Zilipolichora shamba juu ya uwanda, zilivunja maana ya pili bila kuiandika popote kama hasara. Mashamba ya ukingoni hayakuguswa, lakini kaya iliyoyalima ilipungukiwa ng'ombe, na pamoja nao maziwa, mahari na kinga dhidi ya njaa.

Hasara hiyo haikwisha walowezi walipoondoka. Makaburu wengi walirudi kusini uhuru ulipokaribia, na mashamba yakanunuliwa na watu binafsi, makampuni ya ununuzi wa ardhi na vyama vya ushirika, vikiwamo vya watu waliotoka sehemu nyingine za Kenya. Wanunuzi walilipa kwa haki. Waliodai ardhi ya mababu nao walikuwa na kumbukumbu za haki. Mgongano wa madai hayo mawili ni miongoni mwa mizizi ya machafuko yaliyoikumba Uasin Gishu mara kwa mara nyakati za uchaguzi, hasa mwaka 1992 na mwanzoni mwa mwaka 2008.

7.0 Hitimisho

Tume ya mwaka 1905 iliuliza kama uwanda ungeweza kumlisha mkimbizi asiye na kitu, ikajibu kwa wingi wa sauti kwamba haungeweza. Makaburu waliuliza kama ungeweza kumlisha mchungaji mwenye maksai na plau, wakajibu kwa kubaki. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, na kuyapima kwa mavuno ya leo ni kuwadai watu wa wakati ule reli, mbegu na vibarua ambavyo havikuwapo.

Kosa la pamoja liko katika orodha ya vitu vilivyopimwa. Maji, mbao, udongo, hewa na umbali vilihesabiwa. Matumizi ya ardhi kwa waliokuwapo hayakuhesabiwa. Serikali iliandika neno "tupu" katika barua ya mwaka 1903, na tume, Mkutano Mkuu, walowezi na sheria wakalirithi neno hilo bila kulichunguza. Kwa mtafiti wa historia ya ardhi Afrika Mashariki, kisa hiki kinadai utaratibu mmoja: kila ripoti inayosema kwamba eneo fulani linafaa au halifai kwa makazi isomwe pamoja na kalenda ya mvua, ramani ya njia za mifugo na orodha ya walioitwa kutoa maelezo. Katika Uasin Gishu orodha hiyo ya tatu ilikuwa tupu, kuliko ardhi yenyewe.